Mtalii Si Mgeni Peke Yake

Kila likizo ya Agosti na ya Disemba inapokaribia, mazungumzo ya wenye uwezo katika miji yetu huwa ni yale yale: nani anakwenda Dubai, nani ameona afadhali Bangkok, na nani amekopa ili asiachwe nyuma na wenzake. Katika miaka ya hivi karibuni mtindo huu umeingia hata katika baadhi ya shule zetu. Wazazi huletewa barua za kuwataka walipe fedha nyingi ili wana wao wapelekwe ng'ambo kwa kile kiitwacho ziara ya masomo. Mzazi asiyejiweza hubaki akimkwepa mwanawe kwa haya, kana kwamba amemnyima elimu.

Sina ugomvi na safari za ng'ambo. Mwanafunzi wa Kifaransa atakayesikia lugha hiyo ikizungumzwa na wenyewe atafaidika, na wahenga hawakukosea waliposema tembea uone. Hoja yangu ni kwamba tumelibana jambo la kutembea na kuona likawa ni kupanda ndege tu. Matokeo yake ni kwamba maelfu ya wanafunzi wetu humaliza shule bila kutia mguu katika mahali mashuhuri palipo mwendo wa saa moja kutoka kwao, na hakuna anayeona kwamba wamekosa kitu.

Hebu tulitazame neno lenyewe. Neno "talii" tumelipata kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili inahusu kusoma na kuchungua kwa makini. Ndugu yake wa karibu ni "taali", yaani kusoma au kudurusu. Kwa asili hiyo, mtalii ni mtu anayejifunza kwa kutazama, awe ametoka mbali au karibu. Lakini sikiliza jinsi tunavyolitumia neno hili humu nchini. Mtoto wa Mombasa akimwona Mzungu ufuoni atasema amemwona mtalii. Akimwona mtu wa Busia akiistaajabia bahari kwa mara ya kwanza, atasema amemwona mtu wa bara. Wote wawili wamekuja kutazama bahari ile ile, ila mmoja tu ndiye tuliyemwekea jina la heshima.

Matumizi hayo yana historia yake. Mbuga ya Taifa ya Nairobi ilitengwa mwaka wa 1946 na ile ya Tsavo mwaka wa 1948, chini ya serikali ya kikoloni. Wakati huo Mwafrika aliingia humo akiwa mpagazi, mpishi au askari wa wanyama, si mgeni wa kukaribishwa. Baada ya Uhuru, biashara ya utalii iliendelea kumlenga mwenye fedha za kigeni, na jambo hilo lilieleweka kwa kuwa taifa changa lilizihitaji mno fedha hizo. Lisiloeleweka ni kwamba zaidi ya miaka 60 baadaye Mkenya angali anahesabiwa kama gurudumu la akiba, litolewalo tu safari inapoharibika.

Ushahidi haukosekani. Mwaka wa 2014, baada ya mashambulizi ya kigaidi, mataifa ya Magharibi yaliwaonya raia wao wasije Pwani na hoteli kadhaa zikafunga milango. Hapo ndipo serikali ilipomkumbuka mwananchi, ikawaahidi waajiri nafuu ya kodi iwapo wangewalipia wafanyakazi wao likizo humu nchini. Mwaka wa 2020, ugonjwa wa Korona ulipositisha safari za ndege za kimataifa kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Agosti, mwananchi alibembelezwa tena kwa matangazo na bei nafuu. Nyakati zote mbili, wageni waliporejea, sauti ya kumbembeleza ilififia. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tumeigeuza methali hiyo: mwenyeji huitwa ili biashara ya mgeni ipone.

Anayepoteza zaidi katika hali hii ni mwanafunzi. Chukua mfano wa Thimlich Ohinga, kaskazini magharibi ya mji wa Migori. Hapo pana maboma ya kale yenye kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo, nazo zimesimama kwa karne kadhaa. Shirika la UNESCO liliyatia maboma hayo katika orodha ya turathi za dunia mwaka wa 2018. Mwanafunzi wa Nyanza aweza kuisoma Zimbabwe Kuu katika kitabu cha historia, akaikariri kwa ajili ya mtihani, asijue kwamba mafundi wa mawe walikuwako pia upande wa kwao.

Au tuchukue Ngome ya Yesu kule Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593. Mwalimu wa Kiswahili akilipeleka darasa lake humo, somo la maneno ya mkopo litajifundisha lenyewe. Meza, bendera, leso na kasha ni maneno tuliyoyapokea kutoka Kireno. Neno "gereza" nalo latokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa, na ngome hiyo hiyo ilitumiwa na Waingereza kama gereza kuanzia mwaka wa 1895 hadi 1958. Mwanafunzi aliyesimama ndani ya kuta zile akaelezwa hayo hatahitaji kuyakariri. Kaskazini zaidi, kilomita zipatazo 15 kusini ya Malindi, pako magofu ya Gedi, mji wa Waswahili wenye misikiti na nyumba za matumbawe ambamo vilichimbuliwa vyombo vya kaure kutoka Uchina. Gedi nao uliingia katika orodha ya UNESCO mwaka wa 2024.

Wa Nairobi wanalo jumba la makumbusho la taifa. Mvulana wa Turkana, yale mabaki ya binadamu wa kale wa miaka zaidi ya milioni moja na nusu iliyopita, aligunduliwa mwaka wa 1984 na kikundi cha watafiti, na aliyeuona mfupa wa kwanza ni Mkenya, Kamoya Kimeu. Msitu wa Karura nao, ambao leo watu hutembea na kuendesha baiskeli ndani yake, uliponea chupuchupu kunyakuliwa mwishoni mwa miaka ya 1990, Wangari Maathai na wenzake walipojitoa mhanga kuutetea. Nani atawafundisha watoto uraia vizuri zaidi kuliko miti ile?

Wala si majengo na misitu peke yake. Kaunti ya Kakamega ina mashindano ya fahali ya Ikolomani na Khayega, pamoja na ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka wa 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kuhifadhiwa kwa dharura. Lamu ina sherehe zake za Maulidi. Maonyesho ya kilimo huzunguka kutoka mji mmoja hadi mwingine kila mwaka, na tamasha za muziki na drama za shule hukusanya vipaji vya nchi nzima mahali pamoja. Hizi ni shughuli ambazo mtu aweza kuzihudhuria asubuhi na kulala kwake usiku.

Kuna watakaosema kwamba kutembea humu nchini nako ni ghali. Wana haki. Familia inayotaka kulala hotelini Pwani wakati wa Krismasi hutozwa bei za kutisha, na nauli za mabasi hupanda msimu huo. Nauli ya daraja la kawaida katika treni ya Nairobi hadi Mombasa ilipandishwa kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 mnamo Januari 2024. Kwa miaka mingi raia mzima alilipa shilingi 430 kuingia Mbuga ya Nairobi huku mgeni akilipa dola 43. Mwaka wa 2025 zikaletwa kanuni mpya zilizokusudia kuifikisha ada ya raia katika mbuga hiyo kwenye shilingi 1,000. Kwa baba mwenye watoto wanne na mshahara wa kibarua, tofauti hiyo ni unga wa siku kadhaa. Haifai kumhimiza mwananchi aione nchi yake huku mlango ukizidi kufanywa mwembamba.

Kwa sababu hiyo nadhani tuanze na safari ya siku moja. Gharama kubwa ya likizo ni malazi, na safari ya siku moja haina malazi. Shule nyingi zina mabasi ambayo wazazi walichanga kuyanunua, na chakula chaweza kupikwa shuleni kikabebwa. Kila idara ichague mahali pamoja pasipozidi mwendo wa saa mbili. Vipindi viwili vitumiwe kuwaandaa wanafunzi kabla ya kwenda, na kimoja kuandika baada ya kurudi. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, unasisitiza kujifunza kwa kutenda, basi mwalimu hana haja ya kuomba radhi kwa kulitoa darasa lake nje.

Walimu wanaosahihisha insha watanielewa. Mwanafunzi akiambiwa aandike kuhusu safari, mara nyingi hupanda ndege hadi London, akaelezea theluji asiyowahi kuiona kwa maneno aliyoyakariri. Hatumii lugha kueleza alichokiona. Anatumia lugha kuficha kwamba hajaona. Mpeleke mtoto huyo sokoni Kibuye, au kwenye kiwanda cha majani ya chai kilicho jirani, kisha umpe kalamu. Atatafuta maneno kwa sababu sasa ana kitu cha kusema.

Serikali nayo ina wajibu wake. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori na Makumbusho ya Taifa yangeweza kutenga siku moja kila muhula ambapo wanafunzi wa shule za umma wangeingia bila malipo. Kaunti zingeweza kuchapisha kalenda ya sherehe na maonyesho yake, na kuyatunza maeneo ya kihistoria kwa vyoo, vibao na watembezi wanaoijua historia, wakiieleza kwa Kiswahili na kwa lugha za wenyeji. Njia za umma za kwenda baharini nazo zilindwe zisizibwe kwa kuta za hoteli, kwani bahari haikuumbiwa wenye vyumba vya kulala peke yao.

Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wa kale. Hawakukataza kuutazama msala wa mwenzako. Walikuonya usiutupe mkeka wako kwa ajili yake. Atakayekwenda ng'ambo na aende kwa heri, lakini aende akiwa na la kuwasimulia wenyeji wake watakapomuuliza kuhusu kwao. Walimu wakuu watakapokaa kupanga shughuli za muhula ujao, nawasihi waiulize kamati kwanza swali moja: ni mahali gani palipo karibu nasi ambapo wanafunzi wetu hawajapaona?