Jiwe la Zambarau na Birika la Kaisari

Warumi waliotajwa katika Suratur-Rum ndio wale wa dola ya mashariki, ambao makao yao yalikuwa Constantinople, yaani Istanbul ya leo. Wafalme wao waliishi katika majumba yaliyoteremka kutoka uwanja wa mbio za farasi hadi ufukweni. Juu ya sehemu ya ardhi hiyo ndipo uliposimama Msikiti wa Sultan Ahmed, uliojengwa kuanzia 1609 hadi 1616.

Katika majumba hayo kilikuwamo chumba kilichopambwa kwa porfiri, jiwe gumu la rangi ya zambarau. Mke wa Kaisari alijifungulia humo, na mwanawe akaitwa mzaliwa wa zambarau. Constantine wa Saba, aliyezaliwa mwaka 905, analo jina hilo hata leo, na alilihitaji kuliko wengine: siku aliyozaliwa, baba yake alikuwa bado hajamwoa mama yake. Watu walipoitilia shaka nasaba ya mtoto, kuta za chumba kile zikawa shahidi wake. Hata hivyo, mkwewe alimweka kando kwa zaidi ya miaka ishirini huku yeye akibakiwa na cheo tu.

Jiwe lenyewe lilichimbwa katika jangwa la mashariki mwa Misri, na machimbo yale yaliachwa karne nyingi kabla ya Constantine kuzaliwa. Aliyelitaka baadaye hakuwa na njia ila kulitoa katika jengo la waliomtangulia.

Mtindo huo ulienea. Kaisari Justinian alipojenga birika la chini ya ardhi katika karne ya sita, kulihifadhi maji ya majumba na majirani zake, mafundi walisimamisha nguzo 336, nyingi zikiwa zimetolewa katika majengo ya zamani. Mbili kati ya hizo zimekalia vichwa vya Medusa, yule mwanamke wa hekaya za Kiyunani mwenye nywele za nyoka. Kimoja kimelazwa ubavu, kingine kimepinduliwa. Wapo wasemao kuwa viliwekwa hivyo kama kinga ya uchawi. Sisi tunaona fundi alikuwa na nguzo fupi, akatafuta jiwe la kimo kinachofaa. Waislamu nao hawakuona haya kufanya hivyo: Msikiti Mkuu wa Kairouan, Tunisia, umebebwa na mamia ya nguzo zilizotoka katika magofu ya Warumi.

Birika lingalipo, bali majumba yameporomoka. Wachimbaji wa miaka ya 1930 walifukua sakafu ya ua mmoja, iliyotandazwa vijiwe vidogo vya rangi, na sasa imehifadhiwa hatua chache kutoka msikitini. Tulidhani ingejaa wafalme na mataji. Hakuna Kaisari hata mmoja. Wamo watoto wanaochunga mabata bukini, na mtu anayemlisha punda wake.