UWANJA NI HAKI, SI SADAKA

Mwaka 2028 mchezo wa softiboli utarudi katika Michezo ya Olimpiki. Michezo hiyo ni ya mji wa Los Angeles, lakini imepangwa kwamba softiboli ichezwe mbali na huko, katika mji wa Oklahoma City. Mashabiki wamefurahi, nasi twafurahi pamoja nao. Hata hivyo, kabla ya shangwe kuanza twaona ni wajibu wetu kuuliza swali moja: ni nani watakaoingia uwanjani, na ni nani watakaobaki nje ya ua?

Swali hili si la bure. Oklahoma ndiyo nchi ambako mataifa mengi ya wenyeji wa asili wa Marekani yalipelekwa kwa nguvu. Mwaka 1838 watu wa taifa la Cherokee walitolewa na askari katika ardhi ya mababu zao, wakaswagwa kama mifugo kuelekea magharibi, na maelfu yao wakafa kwa njaa, baridi na maradhi. Hata jina la Oklahoma latokana na maneno ya lugha ya Choctaw. Leo mataifa ya wenyeji zaidi ya 35 yana makao katika jimbo hilo. Mchezo ukipigwa juu ya ardhi hiyo, na watoto wa mataifa hayo wawe watazamaji tu, itakuwa aibu.

Softiboli si mchezo wa mabwana. Ni ndugu wa besiboli, ila mpira wake ni mkubwa zaidi, uwanja wake ni mdogo, na mpira hurushwa kwa mkono wa chini. Ulizaliwa mjini Chicago mwaka 1887, ndani ya jengo la klabu, vijana walipofunga glovu ya ndondi ikawa mpira na kuipiga kwa fimbo. Katika miaka ya 1930, kazi zilipoadimika Marekani, mchezo huu ulienea sana miongoni mwa wafanyakazi kwa sababu gharama yake ilikuwa ndogo. Viwanda vikaunda timu zao, za wanaume na za wanawake. Basi mchezo uliolelewa na watu wa kipato kidogo una deni kwa wanyonge wote.

Tutazame Kanada. Kwa zaidi ya miaka mia moja watoto wa wenyeji, zaidi ya 150,000, waliondolewa kwa wazazi wao wakatiwa katika shule za bweni zilizokusudiwa kuwasahaulisha lugha na mila zao. Katika shule hizo michezo nayo ilitumiwa kama chombo cha kuwafinyanga upya. Shule ya mwisho ilifungwa katika miaka ya 1990. Tume iliyochunguza dhuluma hiyo ilitoa miito 94 mwaka 2015, na miito mitano kati ya hiyo, kuanzia wa 87 hadi wa 91, yahusu michezo. Mmojawapo wadai kwamba serikali ziendelee kuyasaidia Mashindano ya Wenyeji wa Amerika ya Kaskazini, yaliyoanza mjini Edmonton mwaka 1990.

Mashindano hayo yalifanyika Halifax mwaka 2023. Wanamichezo, makocha na wasaidizi wao zaidi ya 5,000 walitoka katika mataifa ya wenyeji zaidi ya 750, na softiboli ilikuwamo. Hapo ndipo tuonapo tofauti. Mchezo ambao zamani mtoto alilazimishwa kuucheza ili asahau kwao, leo aucheza kwa jina la taifa lake, na wazee wake wakimshangilia. Mchezo ni ule ule; kilichobadilika ni nani aliyeshika hatamu.

Watu wenye ulemavu nao wana habari yao, na wafanyakazi wana fungu lao humo. Mwaka 1964 fundi wa simu katika jimbo la Colorado alitia chombo cha mlio ndani ya mpira wa softiboli, na wafanyakazi wenzake wa simu wakaendelea kutengeneza mipira hiyo kwa kujitolea. Asiyeona huusikia mpira ukija, akaupiga, kisha hukimbilia kituo kinachovuma. Wanaotumia viti vya magurudumu walianzisha chama chao cha softiboli Marekani mwaka 1976. Wao huchezea juu ya lami, kwa kuwa magurudumu hukwama katika nyasi na mchanga. Na katika Olimpiki Maalumu, iliyoanza Chicago mwaka 1968 kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa akili, softiboli ni mmojawapo wa michezo, na zipo timu ambazo mwenye ulemavu na asiye na ulemavu huvaa jezi moja.

Lakini tusidanganyike. Softiboli itarudi katika Olimpiki ya 2028, ila haimo katika Paralimpiki ya mwaka huo. Wako watakaosema kwamba wachezaji ni wachache mno, na kwamba uwanja wa lami ni gharama. Hoja hiyo imesimama kichwa chini. Huwezi kumfungia mtu mlango, kisha ukamhesabu kuwa hakuhudhuria. Wachezaji ni wachache kwa sababu viwanja ni vichache, nauli ni kubwa, na makocha hutoka mbali. Uwanja ukiwapo, watu huja.

Kwa hiyo twasema wazi: kuongeza idadi ya wachezaji ni jambo jema, lakini idadi peke yake haitoshi. Kwanza, uwanja uwe karibu na watu, nao uwe wenye njia ya kupitisha kiti cha magurudumu. Pili, makocha na waamuzi wafundishwe kutoka miongoni mwa wenyeji na miongoni mwa wenye ulemavu wenyewe. Tatu, fedha zitolewe kila mwaka, wala zisingoje mkutano wa picha na hotuba. Anayetoa sadaka huweza kuizuia kesho, haki haizuiliki.

Nanyi wafanyakazi mnaoongoza vilabu vya michezo makazini, msiseme kwamba habari hii ni ya mbali. Fundi yule wa simu hakuwa waziri wala tajiri. Alikuwa na ujuzi wa kazi yake, akautumia kumfungulia mwenzake mlango. Kila mmoja wetu na autazame uwanja ulio karibu naye, aulize ni nani asiyeonekana pale, kisha aulize ni kitu gani kimemzuia. Waliosema mnyonge hana haki walisema yale waliyoyaona. Ni kazi yetu kuwafanya wajukuu wetu wasiione tena sababu ya kuyasema.