Kaunta ya Duka, Penseli ya HB na Elimu ya Sanaa: Tafakuri kutoka Ilula

Ukitaka kujua jamii inathamini nini, usiishie kusoma sera zake. Simama mbele ya maduka yake, utazame kilichopangwa rafuni na kisichokuwapo, kisha usikilize namna mteja anavyojibiwa anapouliza kile kisichokuwapo. Makala haya yanahusu bidhaa ndogo sana: penseli laini ya kuchorea, karatasi nzito, brashi na rangi. Yanauliza ni nini humpata mwananchi wa kawaida anapokwenda kuzinunua katika mji mdogo kama Ilula, na kwa nini jambo hilo liwashughulishe wanafunzi, wanaharakati na watumishi wa umma ambao pengine hawajashika brashi tangu walipomaliza darasa la saba.

Kwa wasioifahamu, Ilula ni mji mdogo katika Wilaya ya Kilolo, mkoani Iringa, kando ya barabara kuu iendayo Mbeya hadi Zambia, baada ya kuupanda mlima Kitonga. Wasafiri wengi huujua kwa matenga ya nyanya na magunia ya vitunguu. Biashara ya mji huu haijalala hata kidogo. Ingia katika duka lolote la pembejeo umwambie muuzaji kwamba majani ya nyanya zako yanakauka na matunda yana vitundu. Kabla hujamaliza atakuuliza kama umemwona kantangaze, mdudu anayewatesa wakulima wa nyanya nchi nzima. Atakutajia dawa zaidi ya moja, atakueleza kipimo cha kila moja kwa bomba la kupulizia, na atakuonya usirudie dawa ileile msimu mzima. Huyo ni muuzaji anayeijua bidhaa yake kwa sababu anamjua mteja wake.

Sasa vuka barabara uingie katika duka la vifaa vya shule na ofisi, lile ambalo sote twaliita steshenari. Uliza penseli ya kutilia kivuli. Katika mizunguko yangu katika miji midogo ya Nyanda za Juu Kusini nimesikia majibu ya aina tatu, na kila moja lina siasa yake.

Jibu la kwanza ni “hiyo haipo.” Kilichopo ni penseli ya HB, iliyotengenezwa kwa ajili ya kuandikia. Mchoraji huhitaji pia penseli laini zaidi, kama 2B, 4B na 6B, kwa sababu weusi wa kivuli hautoki katika risasi ngumu hata mtu akandamize hadi karatasi ichanike. Muuzaji hasemi uongo, wala hana dharau. Kwake, penseli ni penseli, kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kumfundisha vinginevyo na wateja wanaouliza ni wachache.

Jibu la pili ni “chukua hii, ni ileile tu.” Hapa ndipo mteja anapoumia zaidi. Mwanafunzi aliyetumwa karatasi ya rangi za maji anapewa karatasi ya fotokopi, yenye uzito wa gramu 80 kwa mita ya mraba, ilhali karatasi inayotumiwa na wachoraji wengi wa rangi za maji huwa na gramu zipatazo 300. Anapoiweka rangi, karatasi inajikunja na kutoboka, naye anahitimisha kwamba hana kipaji. Aliyetaka rangi ya kuchorea anaelekezwa duka la vifaa vya ujenzi, akarudi na kopo la rangi ya mafuta ya milango na madirisha, ambayo huenda akaichanganya na petroli kwa sababu hakumudu kununua thina. Shirika la Afya Duniani limesema hakuna kiwango cha madini ya risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaodhurika zaidi. Je, ni nani dukani atakayemweleza mtoto wa miaka kumi na miwili kama rangi aliyouziwa ina madini hayo, hasa ikiwa imepimwa kutoka kopo kubwa na kutiwa katika chupa ya maji isiyo na maandishi yoyote?

Jibu la tatu ni “agiza Dar.” Mteja anatuma fedha kwa simu kwa mtu wa Kariakoo ambaye hajawahi kumwona, analipia mzigo kwenye basi, kisha anasubiri kando ya barabara. Brashi ikija ya ukubwa mwingine, au rangi ikiwa imekauka ndani ya kopo, gharama ya kuirudisha huizidi bei yake. Tazama kinaya kilichopo: malori yenye shehena za kila namna hupita Ilula usiku na mchana kuelekea Mbeya, Zambia na Kongo. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba barabara ndiyo kikwazo. Bidhaa za sanaa zinapita. Hakuna aliyeona sababu ya kuzishusha.

Juu ya majibu hayo matatu limebandikwa tangazo ambalo kila Mtanzania analijua: “Mali ikishauzwa hairudishwi.” Limeandikwa kwenye risiti, limechorwa ukutani, nasi tumelizoea kana kwamba ni aya ya Katiba. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inatuambia jambo tofauti. Mnunuzi anapomweleza muuzaji kusudi la bidhaa anayoitaka, akautegemea ujuzi wa muuzaji ambaye kazi yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo, kwa kawaida sheria huchukulia kwamba bidhaa hiyo inapaswa kufaa kwa kusudi hilo. Nayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji. Mwanafunzi aliyesema waziwazi “nataka karatasi ya rangi za maji” akapewa isiyofaa, ana hoja. Lakini hoja hiyo haifiki popote, kwa kuwa hakuna atakayefungua shauri kwa ajili ya karatasi kumi. Haki za mlaji wa vitu vidogo hupotea kimyakimya hivyo hivyo, na wanaovinunua vitu vidogo kwa kawaida ni watoto na maskini.

Ingekuwa rahisi kumlaumu mwenye duka. Mimi simlaumu. Mtaji wake ni mdogo na kodi ya pango haimsubiri mteja wa nadra. Daftari analolinunua leo litauzwa wiki hii. Seti ya penseli laini inaweza kukaa rafuni mwaka mzima ikila vumbi. Hakuna mfanyabiashara makini atakayefungia fedha yake katika bidhaa ambayo serikali yenyewe, iliyo mteja mkubwa kuliko wote, haijaiulizia.

Naam, hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Mitaala iliyoanza kutekelezwa Januari 2024, kufuatia Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imeipa sanaa nafasi katika elimu ya msingi, na imeanzisha mkondo wa amali sambamba na mkondo wa jumla katika sekondari. Ni hatua njema na ninaiunga mkono. Lakini mtaala haupaki rangi. Kiwango cha ruzuku ya uendeshaji kilichozoeleka tangu enzi za MMEM, ulioanza mwaka 2002, na MMES, ulioanza 2004, ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari kwa mwaka mzima, na sehemu ya fedha hizo hutengwa kwa vitabu. Gawanya shilingi 10,000 kwa siku 194 za masomo: unapata takriban shilingi 50 kwa siku, ambazo chaki, mitihani, ukarabati na michezo vinazigombania. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, mwalimu mkuu hana ruhusa ya kuwachangisha wazazi atakavyo, na ni sawa asiwachangishe. Matokeo yake ni kwamba somo la sanaa linabaki mikononi mwa mwalimu anayechomoa fedha mfukoni mwake, au linafundishwa ubaoni kwa maneno: mwanafunzi anakariri maana ya kivuli bila kuwahi kukitia.

Nayajua majibu ya wakosoaji. Watasema: mbona Edward Saidi Tingatinga hakuwa na duka la vifaa vya sanaa? Alitumia mbao za hadibodi na rangi za mafuta za kupakia baiskeli, akaanzisha mtindo unaobeba jina lake duniani kote. Mfano huu hutolewa mara nyingi kuhalalisha uhaba, lakini ukiuchunguza unathibitisha kinyume chake. Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akapita katika mashamba ya mkonge ya Tanga, na alianza kuchora mwaka 1968 alipokuwa Dar es Salaam. Huko aliweza kupata hadibodi na rangi, na huko Oysterbay, katika eneo la Morogoro Stores, palikuwa na wanunuzi wa picha. Kipaji kilikuwa chake, ila soko lilikuwa la jiji. Wangapi wenye kipaji kama chake walibaki Tunduru, au Ilula, bila kukutana na kopo la rangi? Hatuwajui, kwa sababu uhaba hauachi kumbukumbu za waliouhongera maisha yao.

Wengine watasema turudi kwenye malighafi zetu. Hoja hii naiheshimu zaidi. Pale Igeleke, karibu na Iringa mjini, kuna michoro myekundu ya kale juu ya mwamba, iliyochorwa na watu wasiosubiri shehena kutoka ng’ambo. Wanawake wa Kihehe husuka vikapu vya milulu ambavyo sifa zake zimevuka mipaka. Neema Crafts, iliyoanzishwa Iringa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, imewapatia watu wenye ulemavu kazi za mikono, ikiwamo kutengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Basi inawezekana. Lakini udongo mwekundu hauwi rangi mpaka mtu afundishwe kuusaga, kuuchuja na kuutafutia kishikizi, na mwalimu wa kuyafundisha hayo naye anahitaji muda, mafunzo na vifaa. Malighafi za nyumbani ni mradi wa kuwekeza. Zisigeuzwe kuwa kisingizio cha kutotoa bajeti.

Nini kifanyike, basi? Kwanza, halmashauri ziziwezeshe shule za kata moja kununua vifaa vya sanaa kwa pamoja, kwa orodha moja, kila muhula, na zinunue kwa wafanyabiashara wa eneo hilohilo. Oda ya shule kumi ikijulikana mapema, mwenye duka wa Ilula ana sababu ya kuleta penseli za 4B, na atakapokuwa nazo, binti asiye mwanafunzi naye atazikuta. Pili, orodha hiyo iandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka: aina ya penseli, uzito wa karatasi, kazi ya kila rangi, na ipi isiguswe na watoto. Muuzaji wa pembejeo alijifunza kantangaze kwa sababu maafisa ugani na kampuni za dawa walimfuata dukani. Afisa elimu na afisa utamaduni nao wanaweza kumfuata muuza steshenari. Tatu, Tume ya Ushindani na Shirika la Viwango zisiishie kwenye bidhaa kubwa za mijini. Rangi inayopimwa na kuuzwa bila lebo ni suala la afya ya mtoto. Nne, nanyi wanafunzi na wanaharakati, ulizeni. Mkinunua, dai risiti, eleza kusudi la bidhaa, na isipofaa irudishe kwa adabu na kwa hoja. Mwenye duka hupanga rafu yake kwa maswali anayoulizwa.

Miaka michache ijayo, vijana wa kwanza wa mkondo wa amali watahitimu. Baadhi yao watakuwa na vyeti vya sanaa. Itakuwa aibu yetu sote iwapo mchoraji wa Ilula atakabidhiwa cheti ambacho amekipata bila kushika penseli nyingine zaidi ya HB, kisha aambiwe ajiajiri.