AFYA NYUMBANI: Ngozi Ikibadilika na Akili Ikipungua

Mke wa koplo mmoja mstaafu ametuletea barua ya huzuni. Asema kwamba ngozi ya mumewe shingoni, mikononi na miguuni iligeuka nyeusi, ikakauka na kuchubuka kama iliyounguzwa na jua. Baadaye mzee akaanza kuharisha. Sasa husahau jina la mjukuu wake, na hupotea njia akitoka dukani. Majirani wengine husema amerogwa, wengine husema ni pombe. Mama huyu auliza: je, ni uzee tu?

Mama, mgonjwa hapimwi kwa kalamu. Lakini dalili hizo tatu zikikutana, yaani ngozi, tumbo na akili, daktari hana budi kufikiria maradhi ya pelagra. Asili yake ni upungufu wa vitamini iitwayo niasini. Kila sehemu ya mwili huitumia ili kupata nguvu kutokana na chakula. Ikikosekana, ngozi ipigwayo na jua, utumbo na ubongo huumia upesi.

Mahindi yana niasini, ila imefungwa ndani ya punje hata tumbo lisiweze kuipata. Wenyeji wa Mexico tangu kale hupika mahindi yao kwa maji ya chokaa, na chokaa huifungua. Mahindi yalipopelekwa Ulaya, desturi hiyo iliachwa nyuma. Mwaka 1735 daktari Gaspar Casal wa Hispania aliwaona wakulima maskini wenye alama nyekundu shingoni mfano wa mkufu. Hata leo alama hiyo huitwa mkufu wa Casal.

Wengi walidhani ni maradhi ya kuambukiza. Mwaka 1915 daktari Joseph Goldberger wa Marekani aliwalisha wafungwa 11 wa Mississippi, waliojitolea ili wasamehewe vifungo, chakula cha unga wa mahindi na vitu vya namna hiyo. Katika muda wa miezi michache 6 kati yao walipatwa na pelagra. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem akabainisha kwamba niasini ndiyo dawa.

Tusidhani mambo haya ni ya mbali. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji zaidi ya 18,000 waliokuwa Malawi waliugua baada ya karanga kukosekana katika mgao wao, wakabaki kutegemea mahindi.

Walio hatarini ni wale walao posho kila siku pasipo kitoweo cha maana, na walevi, kwa kuwa pombe huondoa hamu ya chakula na huzuia mwili kupokea vitamini. Dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi nayo yaweza kuleta upungufu huu. Atumiaye dawa hiyo asiiache kamwe, bali amweleze daktari aonapo ngozi inabadilika.

Si kila mzee asahauye ana pelagra, na usahaulivu mwingi wa uzeeni hauna tiba. Lakini huu una tiba, nayo ni vidonge vya bei nafuu. Mgonjwa akitibiwa mapema, akili yaweza kuanza kurejea kwa siku chache, na ngozi kwa majuma kadhaa. Akiachwa, hufa.

Basi, mama, mpeleke mzee zahanati juma hili, usingoje. Mweleze daktari ngozi ilibadilika lini, mzee hula nini, hunywa kiasi gani, na hutumia dawa zipi. Nyumbani, posho isiliwe peke yake: iandamane na karanga za kusaga, mukene au samaki mwingine, na nyama au maini siku mfuko uruhusupo. Na majirani wanaosema amerogwa, wasomeeni ukurasa huu.