Kuunda boti ya rimoti si kazi, kazi iko kwa kuityuni

Vijana wa Nairobi tunajua kuunda vitu. Mpe msee wa Kawangware redio iliyokufa, atakurudishia ikiwa na spika mbili na taa za rangi. Mikono tunayo. Kinachotupiga chenga ni ile kazi inayokuja baada ya kuunda: kujaribu kitu, kupima, kubadilisha kidogo, kujaribu tena, na kuandika kila hatua. Shuleni unapewa alama ukishawasilisha mradi, basi. Mtandaoni unapewa 'likes' siku ya uzinduzi, kesho yake hakuna anayeuliza kama kitu bado kinafanya kazi.

Kuna mchezo ambao hauwezi kuucheza bila hiyo kazi ya pili. Ni mashindano ya boti za rimoti, hasa zile za tuneli. Naamini kijana wa hapa anaweza kuziunda. Naamini pia kwamba jiji linamnyima nusu tamu ya mchezo huo, na nitaeleza kivipi.

Boti ya tuneli haina tumbo moja kama mtumbwi. Ina miguu miwili mirefu, kushoto na kulia, na katikati pako wazi kama chini ya daraja. Mota inaning'inia nyuma, nje ya boti. Ikishika kasi, hewa inaingia kwa ile tuneli, inabanwa kati ya sakafu ya boti na maji, na kuiinua. Inabaki kugusa maji kwa sehemu ndogo tu ya nyuma, pamoja na propela. Boti kubwa za aina hii, zenye dereva ndani, hushindana duniani kwenye Formula 1 ya majini, F1H2O, iliyoanza 1981, na hupita kilomita 200 kwa saa.

Mtu wa Pwani hatashangaa sana. Ngalawa nayo ina ndubi mbili pembeni, ingawa zake ni za kuzuia isipinduke. Na kwenye mashindano ya mashua kule Lamu, mabaharia hutoka nje kabisa na kukaa juu ya ubao ili uzito wao uzuie chombo kulala upande. Hiyo ni kutyuni, tena chombo kikiwa mbioni.

Vifaa viko hapa hapa

Usidanganywe kwamba huu ni mchezo wa watoto wa Lavington pekee. Mwili wa boti unaweza kuuchonga kutoka kwa foam nyeupe, ile inayokuja ndani ya katoni za TV. Pita Luthuli Avenue jioni uone inavyotupwa. Unaichonga kwa kisu na msasa, kisha unaifunika kwa kitambaa cha faibaglasi na epoksi. Zingatia hapo: ukipaka resini ya poliesta moja kwa moja, foam itayeyuka ukiiangalia. Mbao nyembamba za kuimarisha ndani ni mabaki tu kwa fundi wa fanicha kando ya Ngong Road.

Sehemu ngumu ni mguu wa mota, ule unaobeba propela. Kama huna hela ya kuagiza, tafuta fundi wa kukereza chuma Kirinyaga Road au Kamukunji, umpelekee mchoro wenye vipimo. Akikuuliza ni spea ya gari gani, mwambie ukweli. Mota, betri na rimoti ndizo zitakula pesa nyingi, kwa hivyo wengi wenu mtalazimika kuchanga watu watatu au wanne. Hiyo si aibu. Boti moja ya watu wanne itajaribiwa mara nyingi kuliko boti nne za watu wanne.

Kuna faida nyingine. Droni, hata ndogo, ina kanuni zake tangu 2020 na lazima isajiliwe na KCAA. Boti haipai, kwa hivyo haimo kwenye kanuni hizo. Lakini isikufanye ujisahau. Propela inayozunguka ni kisu, na betri ya lithiamu haichajiwi juu ya kitanda ukienda kulala.

Usikopi-paste kutoka Florida

Sasa boti imekwisha, rangi imekauka, picha umepiga. Hapo ndipo wengi huishia, na hapo ndipo somo linaanza.

Ukifungua video za Wamarekani utaambiwa uweke uzito hapa, mota kimo hiki, propela saizi hii. Wengi huanza na kitovu cha uzito kwenye asilimia 30 hivi ya urefu, ukipima kutoka nyuma. Boti ya sentimita 60 basi itasawazika kwenye kidole chako sentimita 18 kutoka nyuma. Ni mahali pazuri pa kuanzia, lakini wale wanaokwambia hivyo wengi wako karibu na usawa wa bahari.

Sisi tuko mita 1,795 hivi juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 16. Maji hayajabadilika, uzito wa boti haujabadilika, lakini hewa inayoingia kwenye tuneli ni pungufu. Ili boti inyanyuke sawa na ile ya Mombasa, inahitaji kasi zaidi kwa karibu asilimia 9. Usiporekebisha, itakaa chini, imelowa, inavuta maji kama ng'ombe aliyekwama.

Kwa hivyo unasogeza betri nyuma milimita tano, unajaribu. Unainua mota milimita moja, unajaribu. Mwendo unaongezeka kwa sababu chuma kinachoburutwa ndani ya maji kimepungua. Unainua milimita nyingine, na sasa kwenye kona propela inameza hewa na boti inakosa nguvu. Umepata mpaka wake, unarudi chini kidogo. Pua ikidundadunda kama pomboo, pengine uzito uko nyuma mno au mota imeelekezwa juu kupita kiasi.

Halafu chukua boti hiyo iliyonyooka Nairobi, uiteremshe Tudor pale Mombasa bila kugusa kitu. Hewa nzito itaingia kwenye tuneli, pua itanyanyuka, na boti yako inaweza kupinduka kinyumenyume mbele ya watu. Si boti mbovu. Ilityuniwa kwa hewa ya mahali pengine.

Siri ya kazi yote ni sheria moja: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na uandike. Umbali uleule, betri imejaa vilevile, kwenda na kurudi ili upepo usikudanganye, saa ya simu mkononi. Ukibadilisha propela na kimo cha mota siku moja, boti ikikimbia hutajua ni nini kilichosaidia. Umebahatisha tu.

Ukijua kufanya hivi na boti, umejua kufanya hivi na pampu ya maji, na programu ya simu, na jiko la mkaa unalotaka kuuzia watu. Ndiyo maana nasema shule zinazofuata CBC, zinazotaka watoto wa mkondo wa STEM, zitoe alama kwa daftari la majaribio kabla ya kutoa alama kwa kitu chenyewe. Kitu kinaweza kuundwa na mzazi usiku wa manane, na sote tunajua hilo hutokea. Daftari lenye majaribio 20, pamoja na yaliyofeli, ni vigumu kulighushi.

Maji yako wapi?

Kuunda unaweza kufanyia kwa keja. Kutyuni huwezi. Boti hii inataka maji tulivu, marefu kama uwanja wa soka, bila waogeleaji, na unayarudia mara kumi, mara 20. Bwawa la kuogelea ni fupi mno. Vidimbwi vya viwanja vya gofu viko ndani ya ua, na ua una askari.

Jiji hili lilikuwa na mahali hapo. Nairobi Dam, kati ya Kibera na Lang'ata, lilijengwa 1953 kama akiba ya maji, na watu walilitumia kwa starehe pia, hadi kukawa na klabu ya kuendesha mashua za tanga. Mto Motoine unaingia humo ukitokea upande wa Dagoretti, na ukitoka unaitwa Mto Ngong. Leo ukisimama ukingoni unaona gugumaji, matope na taka. Boti ya foam haitapita hatua tatu.

Najua kuna mtu anasoma hapa akisema, watu wa Kibera wanatafuta maji safi na wewe unaongea boti za kuchezea? Ni swali halali. Lakini bwawa lililokufa halijamletea mtu wa Kibera hata mtungi mmoja. Limemletea mbu na harufu. Maji taka yanayoua boti yangu ndiyo hayohayo yanayopita karibu na mlango wake. Bwawa likisafishwa, atakayefaidi kwanza ni yeye.

Vijana wa Climate WorX wamekuwa wakizoa taka kwenye mito ya jiji. Kazi hiyo ni nzuri, lakini kijana aliyesafisha mto ana haki ya kuuliza: nikimaliza, maji haya ni ya nani na nitayatumia kwa nini? Tukiishia kupanda nyasi na kuweka kibao chenye jina la mkubwa, taka zitarudi. Mahali panapotumika kila wiki pana walinzi wa bure.

Bwawa ni kazi ya miaka. Kuna jambo dogo ambalo Kaunti inaweza kufanya mwezi huu. Ziwa la Uhuru Park si kubwa, lakini boti ya sentimita 40 itageuka humo. Litengwe kwa wenye boti za rimoti kila Jumapili, saa moja hadi saa tatu asubuhi, kabla ya familia kuja kupiga makasia, upepo ukiwa bado umelala. Kamba moja ya kuzuia watoto, mtu mmoja wa kusimamia, na bila ada. Haihitaji tenda.

Wahenga walisema chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Mikono ni nyenzo, tunayo. Foam iko Luthuli, fundi yuko Kirinyaga Road. Iliyobaki ni ya umma, na ya umma huombwa kwa umma. Mwandikie MCA wako, mpigie simu, mtag. Huku ukisubiri jibu, anza kuchonga. Na ununue daftari kabla ya kununua rangi.