Kujitunza si Kuachwa Peke Yake

Wapo wananchi wengi ambao kila asubuhi huamka na kikohozi, wakatema makohozi, kisha wakasema kuwa hayo ni mafua tu, au ni uzee. Kwa baadhi yao si mafua wala si uzee. Ni ugonjwa sugu wa mapafu, ambao huziba njia za hewa kidogo kidogo, mpaka mtu akashindwa kupanda kilima alichokipanda ujanani bila kutweta. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huo uliwaua watu milioni 3.5 mwaka 2021.

Sigara ni chanzo kikubwa, lakini si chanzo pekee. Katika Tanzania upo pia moshi wa kuni na mkaa ambao akina mama huuvuta jikoni tangu utoto. Lipo vumbi la migodini. Na yapo makovu yanayobaki kifuani mwa mtu aliyekwisha kupona kifua kikuu. Kwa hiyo si ajabu kumkuta mgonjwa ambaye hajapata kushika sigara maishani mwake.

Mapafu yaliyoharibika hivyo hayarudi yalivyokuwa. Hata hivyo, ugonjwa waweza kuzuiwa usikimbie. Mgonjwa humwona daktari kwa siku chache tu katika mwaka. Siku zilizobaki yeye mwenyewe ndiye mlinzi wa pumzi yake. Hapana budi aache sigara na kuuepuka moshi. Atembee kila siku kadiri ya nguvu zake, kwani mwili uliokaa kitako hudhoofu na kuomba hewa zaidi. Ajue kuitumia dawa ya kuvuta: atikise kichupa, atoe pumzi, abonyeze huku akivuta polepole, kisha azuie pumzi kwa hesabu ya kumi. Makohozi yakiongezeka na kubadilika rangi, au pumzi ikizidi kubana, aende zahanati siku hiyo hiyo.

Lakini wagonjwa hawalingani. Yuko anayetweta apandapo mlima tu. Yuko anayesimama kupumzika kila baada ya mita mia moja. Na yuko anayehema akivaa nguo. Yule wa kwanza hujiona mzima, akapuuza masharti, ilhali ndiye mwenye mengi ya kuokoa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Yule wa mwisho anayajua masharti yote, lakini hana nguvu ya kuyatimiza, na mara nyingi amekwisha kata tamaa. Kumwambia huyu ajitunze, kisha kumpa kisogo, ni kumtelekeza. Ndugu zake ndio wa kumchotea maji, kumpikia mbali na moshi na kumsindikiza kliniki.

Wala si haki kumlaumu mgonjwa kwa kutofuata mafunzo ambayo hakupewa, au kwa kutotumia dawa ambayo haikuwapo. Dawa ya kuvuta isiyofika katika zahanati ya kijiji haimsaidii mwanakijiji. Na mganga akiiandika bila kumwonyesha mgonjwa namna ya kuivuta, sehemu kubwa yake huishia mdomoni na kooni.

Watumishi wa umma na walimu wanayo kazi hapa. Mkuu wa ofisi asimwite mvivu mtumishi anayesimama katikati ya ngazi ili apumue, amhimize akapimwe. Mwalimu awafundishe wanafunzi kwamba moshi wa jikoni si jambo la kuzoewa. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kujifunza kwa redio, wakachimba vyoo na kusafisha mazingira yao. Historia hiyo yathibitisha kuwa mwananchi akielezwa sababu kwa lugha yake, hutenda.

Mkakati wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 umelenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Lengo hilo litawakinga watoto wa leo. Wale ambao mapafu yao yamekwisha kuumia hawawezi kuungoja mwaka huo. Wapimwe sasa, wafundishwe sasa, na dawa zao zifike sasa.