Kiasi Kisicho na Hesabu ni Uongo

Wasomi wenzangu, kuna sentensi moja ninayoisikia kila wikendi katika hosteli yetu, nami nimechoka nayo: "Mimi ninakunywa kwa kiasi." Huisema anayekunywa chupa moja, huisema anayekunywa sita, na huisema hata yule tunayemshika mikono yote miwili kumpandisha ngazi. Ikiwa wote watatu wanakunywa kwa kiasi, basi neno hilo limekufa. Katika insha hii nadai kwamba kiasi kisichotajwa kwa hesabu si kiasi. Ni uongo tunaojiambia ili tusiitwe walevi.

Kabla hamjaniita mnafiki, nijieleze. Mimi si mhubiri. Ninatoka Teso, mashariki mwa Uganda, na karo yangu tangu shule ya msingi imetoka katika chungu cha ajono, ile pombe ya ulezi ambayo hapa Kampala huitwa malwa. Mama yangu ndiye anayeipika. Isitoshe, mimi mwenyewe hunywa bia. Kwa hiyo sina kinywa cha kusema kwamba kila anayekunywa amepotea. Lakini kwa kuwa nimekulia kando ya chungu, najua kiasi kinafananaje.

Nyumbani kwetu chungu kiliwekwa katikati, wazee wakakizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu. Mama alimimina maji ya moto, nao wakavuta polepole huku wakizungumza. Kulikuwa na adabu: mrija haushikwi kwa mkono wa kushoto, wala hupulizi mapovu ndani ya chungu. Kulikuwa pia na mwisho, kwa sababu maji yakiongezwa mara kadhaa ajono hupoteza nguvu, na watu wakaaga. Aliyeanza matusi alinyang'anywa mrija mbele ya wenzake. Nakumbuka jioni moja mama alimkatalia mteja mwenye pesa mkononi. Alimwambia, "Nenda nyumbani, baba, watoto wako hawajala." Wiki ile mimi nilikuwa nimefukuzwa shule kwa sababu ya karo. Tuliihitaji pesa ile, naye aliikataa.

Sisemi kwamba kijijini hakuna walevi. Wapo, na wengine wamekunywa hadi mashamba yao. Ninachosema ni kwamba pale kiasi kilikuwa jambo la hadharani: wengine walikiona, na mtu aliweza kukatazwa. Je, hapa mjini nani atakukataza? Mwenye baa anataka uongeze. Matangazo ya bia yanatuhimiza tunywe kwa uwajibikaji, lakini hayatuambii uwajibikaji ni chupa ngapi. Rafiki yako naye anaogopa kuonekana mshamba. Basi kila mtu amekuwa hakimu wa kesi yake mwenyewe, na hukumu ni ile ile kila usiku: bado moja.

Tufanye hesabu, maana sisi ni wasomi. Bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina mililita 25 za kilevi halisi, yaani takriban gramu 20. Ini la mtu mzima huondoa karibu gramu 10 kwa saa, na kwa wengi hata pungufu. Chupa moja basi ni kazi ya saa mbili hivi. Anayeanza kunywa saa mbili usiku akamaliza chupa sita, kesho yake saa mbili asubuhi anaingia darasani na kilevi bado kimo mwilini. Ukimuuliza, atakuambia alilala vizuri.

Waragi ndiyo balaa zaidi. Serikali ilipopiga marufuku vile vipakiti vya plastiki mwaka 2019, kipimo kidogo kilichobaki halali ni chupa ya mililita 200. Kwa nguvu ya asilimia 40, chupa hiyo ina mililita 80 za kilevi halisi, kuliko bia tatu kwa pamoja. Hata hivyo, mtu huiweka mfukoni na kusema, "Nimechukua kadogo tu."

Mimi nami nilisema hivyo. Muhula uliopita niliamua kuandika kila chupa katika daftari, nikiwa na hakika kwamba nitawaumbua wenzangu. Baada ya wiki 4 nilihesabu chupa 31. Kwa shilingi 5,000 kila moja, hiyo ni shilingi 155,000. Mwezi huo huo nilikuwa nimempigia mama simu nikilia kwamba sina pesa ya kutoa nakala za masomo, naye akanitumia 60,000 kutoka kwenye chungu. Sikuwahi kuanguka mtaroni, sikuwahi kutapika, wala hakuna aliyeniita mlevi. Haba na haba hujaza kibaba. Tunaitumia methali hiyo kuwasifu wanaoweka akiba, tukisahau kwamba hata kibaba cha hasara hujazwa vivyo hivyo.

Najua majibu yenu. Wengine mtasema, "Mimi si kama fulani." Lakini ukijipima kwa mlevi wa hosteli nzima, utakuwa mwenye kiasi hadi siku atakapohama, na siku hiyo nafasi yake itakuwa yako. Wengine mtasema kuhesabu kunaharibu raha. Raha isiyostahimili kuhesabiwa ni raha gani?

Kwa wenzangu walokole na Waislamu, ambao hamgusi kabisa, ninawaheshimu, na sayansi iko upande wenu. Kilevi kimo katika orodha ya visababishi vya saratani tangu 1988, na Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na hatari kwa afya. Kiasi hupunguza madhara, hakiyaondoi. Ndiyo maana kumbembeleza asiyekunywa, au kumtilia waragi katika soda "kwa mzaha," ni ukatili. Ila nanyi nawalaumu kwa jambo moja: mnapotuita sote walevi, wa chupa moja na wa chupa kumi, mnatufundisha kujificha. Na anayenywa kwa kujificha hana wa kumhesabia.

Walimu wetu nao wasiishie kutuonya siku ya kwanza ya muhula. Kwenye sherehe tunawaona nao wakiongeza "moja ya mwisho."

Namalizia kwa kutoa changamoto. Anayesema anakunywa kwa kiasi ataje mambo matatu kabla ya kuketi: chupa ngapi, mwisho saa ngapi, na nani atamzuia. Mimi naanza: chupa mbili, Jumamosi tu, mwisho saa tatu usiku, na ninayeishi naye chumbani ana ruhusa ya kuniondolea glasi. Mkinikuta na ya tatu, msiniulize kama nina kiasi. Ninyang'anyeni mrija.